Picha ya Jalada

Jumanne, 5 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka jokofuni. Kiyoyozi humu kinawekwa kwa ajili ya mashine, sisi binadamu tutajijua wenyewe, na jirani yangu wa meza siku hizi anavaa soksi mbili mbili. Nakuandikia kwenye kompyuta ya hapo kazini kwako, duka la dawa, kwa sababu nikipiga simu yako najua atakayepokea ni Baba, ataweka spika, na mtaa mzima utajua nimekula nini mchana.

Uliniuliza ninafanya kazi gani hasa, maana Baba anawatangazia watu kwamba natengeneza sinema. Mwambie sitengenezi. Watengenezaji wanatuletea filamu, vipindi, vichekesho, mahubiri, kila kitu. Mimi nakagua picha na sauti, nasoma maandishi ya chini, nabandika maelezo, naweka tarehe ya kutoka na nchi zinazoruhusiwa. Halafu mzigo unakwenda kwa wanunuzi, yaani vituo vya televisheni na kampuni za simu, na wao ndio wanaomfikishia mtazamaji. Sisi ni bomba tu katikati. Asubuhi tunaacha simu zetu kwenye droo mlangoni, wanaogopa tutaiba filamu kabla hazijatoka.

Sasa nijibu mambo mawili bila kuniuliza kwa nini. Ile kofia ya sufu ya zambarau uliyomfumia Chiriku, aliondoka nayo? Na lile jino la mbele alilovunja kwa kufungulia chupa ya soda, ni la kulia au la kushoto ukiwa unamtazama?

Jibu leo ukiweza. Baba asijue nimeuliza.

Dada yako


Jumatano, 6 Machi

Dada,

Umemwona! Usinizungushe, wewe umemwona mdogo wetu. Nani mwingine ana kofia ya zambarau na pengo? Kofia aliondoka nayo, ingawa alilalamika kwamba inamfanya afanane na biringanya. Jino ni la kushoto ukimtazama. Haya, sema, yuko mji gani? Amenenepa? Bado anaongea mpaka watu wanahama chumba?

Najua ulisema Baba asijue. Nisamehe, mdomo wangu umenitoroka. Lakini wewe huoni ninayoyaona mimi hapa. Tangu Chiriku aondoke mwaka jana kwenda kutafuta vibarua, simu yangu si yangu tena. Baba anashinda nayo mapajani, akienda msalani anakwenda nayo. Anaamini mtoto amenuna kwa sababu ya ile asubuhi, alipomwambia mbele ya wageni, "Maneno mengi, kazi hakuna, wewe ni hasara tupu." Hajawahi kuyataja tena maneno yale, ila namsikia akijisemea mwenyewe jikoni.

Kwa hiyo nilimwambia tu, "Dada ana fununu." Fununu, basi! Akaniomba maji ya moto. Akaoga, akavaa shati la harusi yako, akaenda kwa kinyozi wakati ndevu zenyewe hazijatimia. Aliporudi akaniambia, "Akija, wewe umpokee kwanza. Mimi nitakaa kimya mpaka ale ashibe."

Niandikie haraka. Sijamwona Baba hivi tangu Mama afariki.

Mdogo wako mwenye furaha


Alhamisi, 7 Machi

Mdogo wangu,

Kama kuna mteja dirishani, mhudumie kwanza halafu uje ukae chini.

Chiriku amefariki. Nimemwona, ndiyo, lakini nimemwona kwenye skrini hapa kazini. Kosa ni langu, nilikuuliza nusu nusu nikakuacha ujazie mwenyewe.

Mtengenezaji mmoja ametuletea filamu ya matukio ya kweli, kuhusu vibarua wanaochimba handaki la barabara huko mbali, nje ya mpaka. Alikaa nao miezi mingi akiwapiga picha. Siku moja handaki likaporomoka na kamera zikiwa hapo hapo. Chiriku yumo tangu mwanzo, anawavunja mbavu wenzake, helmeti juu ya kofia yako ya zambarau. Walimbatiza Redio. Mwishoni wanamtoa kwenye kifusi akiwa bado anapumua, na anafia pale nje, chini. Niliiona Jumatatu. Niliirudia na kuirudia nikijiambia ni mtu anayefanana naye tu, ndiyo maana nikakuuliza habari ya jino.

Hakuna aliyetuarifu kwa sababu hakuna aliyejua atuarifu nani. Waliajiriwa na dalali, wengine hata majina yao hayakuandikwa. Nimemwandikia mtengenezaji. Anasema wamezikwa pamoja kando ya barabara, na atatuonyesha mahali.

Kuna jambo moja nimefanya. Kila filamu inahitaji picha ya jalada, ile ambayo mtu anaiona kabla hajabonyeza. Mashine yetu inachagua yenyewe, inatafuta uso mkubwa ulio wazi na wenye mwanga. Ilichagua uso wake pale alipolazwa, taa imemmulika, vumbi limejaa kwenye kope. Niliona hapana, watu hawatavutwa kwa maiti ya ndugu yangu. Nikaitoa, nikaweka nyingine anayocheka na pengo lake. Sikuwa na kingine cha kumfanyia.

Filamu inatoka Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 15. Mkataba ulisainiwa kabla haijafika mezani kwangu, na nchi yetu imo, imeuzwa pamoja na nyingine kwa mkupuo. Baba lazima ajue kabla ya siku hiyo. Mwambie wewe, kwa mdomo, ukiwa umekaa naye. Mimi siwezi kumwambia kwenye simu yenye spika.

Nalia hapa na jirani yangu anadhani nina mafua.

Dada yako


Jumatatu, 11 Machi

Dada,

Barua yako niliisoma nimesimama. Aliyekuja baada ya hapo nilimpa dawa ya kikohozi badala ya dawa ya macho. Akarudi kunifokea, nikawa namwona mdomo tu.

Sijamwambia. Usinikasirikie, nilijaribu. Jumamosi nilimkuta ametoa kitanda cha Chiriku uani, anakigonga misumari, ule mguu uliokuwa unalegea. Nikasema, "Baba." Akasema, "Nishikie hapa." Nikashika. Tukamaliza, tukakirudisha chumbani, akakikalia akaruka ruka kukijaribu kama mtoto. Ningemwambiaje mtu wa namna hiyo? Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Umeniachia mzigo mzito, Dada. Wewe unalia mbele ya kompyuta halafu unakwenda kwako. Mimi nalala chumba cha pili, ukuta mmoja na yeye, nasikia anavyokoroma vizuri siku hizi.

Baba Mdogo anakuja Jumamosi, nimemwita, hajui kwa nini. Tutamwambia tukiwa wawili, kaka mtu na mdogo mtu wakiwa pamoja. Kwa hiyo ninachokuomba ni wiki moja tu. Wewe ndiye mwenye kitufe. Isogeze hiyo filamu mbele. Sema imeharibika, sema imepotea, mtajua wenyewe mnavyosemaga huko kwenye jokofu lenu.

Mdogo wako


Jumatano, 13 Machi

Mdogo wangu,

Kitufe ninacho, ila si changu peke yangu. Jana nilidanganya kazini kwa mara ya kwanza. Niliandika kwamba sauti ya filamu ina kasoro, irudishwe kwa mtengenezaji ikarekebishwe. Hiyo ingetupa wiki yetu. Lakini kila inayokataliwa inakaguliwa na mtu wa pili, ndivyo tunavyofanya kazi. Jirani yangu mwenye soksi akaisikiliza yote, akaipitisha, akanitazama kwa huruma akidhani masikio yangu yamechoka.

Mkuu wa ratiba akaniita. Nikamwambia ukweli, yule ni mdogo wangu. Alinishika mkono, machozi yakamtoka, kisha akasema tarehe haibadiliki. Nikampigia mtengenezaji mwenyewe. Naye si mtu mbaya, na hilo linaniumiza zaidi. Anasema kuna familia nyingine zinaisubiri filamu hii, zimesikia tu fununu za handaki na hazijui ndugu zao wamo au hawamo. Kuna mama aliyeonyeshwa kipande akamtambua mumewe kwa mgongo.

Sasa sikiliza vizuri, kuna jambo ambalo sikukuambia kwa sababu akili yangu haikuwa nyumbani. Picha ya jalada inatangulia. Wanunuzi wanaanza kuionyesha kabla ya filamu, na tarehe chini yake. Imeondoka asubuhi hii. Usimsubiri Baba Mdogo. Mwambie Baba leo.

Nimepiga simu ya duka lenu mchana haipokelewi. Nikapiga yako. Baba akapokea, akasema, "Mama, mdogo wako anakuja lini?" Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata. Mungu anisamehe.

Dada yako


Jumatatu, 18 Machi

Dada,

Barua yako ya Jumatano nimeisoma leo. Walitupeleka bohari kuhesabu dawa mpaka Ijumaa, huko hakuna kompyuta. Labda hata ningeisoma nisingekuwa na ujasiri. Sijui tena.

Alhamisi nilirudi nikakuta viatu vya watu vimejaa mlangoni. Baba alikuwa katikati ya sebule, upande mmoja wa uso umenyolewa, upande wa pili povu limemkaukia. Alikuwa kwa kinyozi, kichwa kimelazwa nyuma, TV iko ukutani, akamwona mwanawe anacheka. Alitoka na taulo shingoni. "Yule yule!" anawaambia watu. "Pengo lile lile! Nilimwita hasara, kumbe mwenzangu yuko kwenye sinema!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akaniambia hongera.

Nilimvuta chumbani. Nikasema, "Baba, kuna jambo kuhusu ile filamu." Akanishika mashavu kwa mikono yenye sabuni. "Kesho tunaitazama wote. Usinisimulie, utaniharibia." Akarudi kwa wageni. Nikabaki nimekaa kwenye kile kitanda. Wiki nzima nilikuwa na mdomo sikuutumia, na siku hiyo nilipoutumia hakukuwa na wa kunisikiliza.

Ijumaa kinyozi alitoa viti vyake, akaazima benchi za majirani. Baba alikaa mbele kabisa na shati la harusi yako. Mimi nilisimama mlangoni. Mwanzo alicheka kuliko wote. Kila Chiriku akifungua mdomo, anampiga kiwiko wa pembeni, "Mnamsikia? Domo hilo, alilitoa kwa mama yake!" Na ni kweli, Dada, alikuwa anachekesha, na mimi nilicheka pale mlangoni nikijua kinachokuja. Nimejichukia kwa hilo.

Kisha handaki likaporomoka. Watu walianza kuinuka mmoja mmoja, viatu mkononi. Kinyozi akachukua rimoti kuzima. Baba akasema, "Acha." Aliitazama mpaka maandishi ya mwisho yakapita yote, akakaa tena kidogo kioo kikiwa cheusi.

Njiani nilimshika mkono kama kipofu. Tulipofika getini ndipo akasema, "Mimi nilikuwa nadhani amenuna. Kumbe amekufa." Akaingia ndani akalala na viatu.

Baba Mdogo alifika kesho yake akakuta nyumba ya msiba. Tunapokea watu. Simu imerudishwa kwangu, iko juu ya kabati, hakuna anayeigusa.

Nitakuambia jambo na utanisamehe ukiweza. Kama ungeacha ile picha ya mashine, kinyozi angeiona kwanza yeye, angezima TV, angenitafuta mimi. Yule kinyozi amemnyoa Chiriku tangu utotoni. Wewe ulitaka watu wamwone akiwa hai, na Baba akaenda kuketi mbele akitegemea mtu aliye hai.

Najua na mimi ningesema siku ile ya kitanda. Nakukasirikia wewe kwa sababu uko mbali, ni rahisi.

Mdogo wako


Jumatano, 20 Machi

Mama,

Anayeandika ni mdogo wako, maneno ni yangu. Nimemwambia asipambe.

Tumemaliza siku za kupokea watu. Nimekula. Usije mbio ukaharibu kazi yako, kaburi haliko huku.

Mdogo wako ameniambia yote, nani alijua lini. Amelia sana. Sina ugomvi na nyinyi. Mimi mwenyewe nilipokuwa na nafasi ya kusema na mtoto nilisema nini? Kwa hiyo tuyaache hayo.

Nina swali. Pale mwisho wakimtoa na kumlaza, mdomo wake unatikisika. Nimerudi kwa kinyozi nikamwomba aonyeshe tena mahali pale, na tena. Anasema kitu, na si kifupi, unamjua mdogo wako. Lakini wameweka muziki juu yake, vinanda vingi, husikii kitu. Nikamuuliza mdogo wako kama muziki huo unaweza kuondolewa. Anasema wewe uliwahi kumwambia kwamba filamu zinawafikia muziki ukiwa mbali na maneno yakiwa mbali, ili nchi nyingine ziweke lugha zao.

Kama ni hivyo, wewe unaweza kusikia alichosema. Nataka kukijua. Neno langu la mwisho kwake unalifahamu, wageni walilisikia. Sasa nataka la kwake. Kama alinilaani, niambie alinilaani. Usinipunguzie, usinichagulie.

Baba yako


Ijumaa, 22 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole. Nimeanza barua hii mara nyingi na kufuta.

Ni kweli, maneno tunayo peke yake. Leo mchana wenzangu walipokwenda kula nilibaki, nikazima muziki, nikamsikiliza. Nakuandikia kama nilivyosikia.

Kwanza alisema, "Toeni hiyo taa, mnanichoma macho." Hawakuitoa. Akaomba maji, mtu akamwambia ngoja. Kuna mwenzake alikuwa amemshika kichwa, Chiriku akamuuliza, "Wewe si ndiye uliyechukua ndoo yangu?" Yule akasema ndiye. Chiriku akasema, "Irudishe, siyo yangu, niliazima." Mtu mmoja akacheka, kisha akalia. Halafu akasema miguu yake ina baridi, akaulizia kofia. Wakamwambia ipo, umeivaa. Akasema, "Haya." Baada ya hapo ni pumzi tu, na yule mwenzake anaita Redio, Redio, Redio, mpaka anaacha.

Basi, Baba. Hakuna kingine, nimerudia mpaka nimeshika kila neno. Hakukulaani. Hakukutaja. Hakumtaja Mama, wala mimi, wala mdogo wangu aliyemfumia hiyo kofia. Ilikuwa ndoo, na taa, na miguu.

Nilikaa hapa vidole vikiwa juu ya kompyuta, nikitaka kuandika kwamba alikuita, alisema tumwombee msamaha kwako. Ningeandika, na hakuna ambaye angejua maisha yake yote. Sehemu ya moyo wangu bado inataka nifanye hivyo. Lakini nilishakuchagulia mara moja, ukaenda ukakaa mbele ya majirani ukicheka. Sirudii.

Sauti hiyo hairuhusiwi kutoka humu ndani, na mgeni haruhusiwi kuingia. Njoo, nitakuingiza. Mkuu wa ratiba nimeshamwambia, amegeuka akaangalia dirishani, sijui maana yake ni ndiyo au ni hapana, lakini hakunikataza. Njoo na mdogo wangu. Vaa koti, humu kuna baridi. Nitakuvalisha vile vya masikioni mimi mwenyewe, nitavaa vya pili, na tutamsikiliza bila muziki.

Binti yako